Mashabiki wa Mpira Katika Zama za Intaneti: Nani Anabaki Uwanjani?

(Mada iliyotolewa na idara ya vijana ya shirika letu kwenye semina ya viongozi wa vijana, walimu wa michezo na wazazi. Tunaichapisha hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)



  Tulipopewa mada ya mpira na intaneti, wenzetu wawili ofisini walicheka. Waliuliza: shirika linalochimba visima na kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa linahusika vipi na mashabiki wa Simba na Yanga? Jibu letu ni hili. Ukitaka kujua vijana wako wapi Jumamosi jioni, usiende ofisi ya kata. Nenda mahali panapoonyeshwa mpira. Na siku hizi ukifika hapo utawakuta wengi wameinamia simu zao.

Hatukuja kuilaumu simu. Sisi wenyewe tunazo, na matokeo ya mechi tunayatafuta humo humo. Tumekuja kusema jambo moja tulilojifunza, tena kwa gharama: intaneti inakusanya watu upesi sana, lakini haiwezi kuwafanya wabaki wala kutunzana. Kazi hiyo bado ni yetu.

TULIKOTOKA

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Hata hivyo, wazee wetu wengi wa mikoani walizishabikia timu hizi maisha yao yote bila kuwaona wachezaji hata siku moja. Mpira uliwafikia kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwenye redio aliitoa nje, akaiweka juu ya kigoda, na majirani wakaja na vigoda vyao. Betri zikianza kuchoka zilianikwa juani. Hakuna aliyesikiliza peke yake, kwa sababu redio yenyewe ilikuwa moja.

Miaka ya 1990 ikaja televisheni huku Tanzania Bara, kisha madishi, na baada ya hapo vibanda tulivyovipa jina la vibanda umiza. Mnavijua: mabenchi membamba, joto, kiingilio kidogo, na mtu mrefu ambaye siku zote hukaa mbele yako. Ligi ya Uingereza ikawa ligi ya kijijini kwetu. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi hapa nchini, na miaka iliyofuata simu zenye intaneti zikashuka bei. Shabiki aliyekuwa akisubiri gazeti la siku mbili zilizopita sasa analiona bao kabla mfungaji hajamaliza kushangilia.

Tukubali kwamba faida ni kubwa. Akina mama na mabinti ambao hawakupata nafasi, au hawakujisikia salama, ndani ya vibanda umiza, sasa wanafuatilia mpira na wanaujua kuliko kaka zao. Mtu mwenye ulemavu asiyeweza kufika uwanjani anautazama mchezo nyumbani. Kijana aliyehamia mjini kutafuta kazi anapata matokeo ya timu ya kata yake siku hiyo hiyo. Na shabiki amepata sauti: zamani alisikiliza tu, leo anasema na anajibiwa.

Lakini sauti ni kitu kimoja, na mguu ni kitu kingine. Tuanze na mfano wa mbali kidogo.

KLABU ILIYONUNULIWA NA WATU WA MTANDAONI

Kusini mashariki mwa Uingereza, katika mji wa Northfleet, kuna klabu ndogo iitwayo Ebbsfleet United. Hadi mwaka 2007 iliitwa Gravesend & Northfleet. Mwaka 2008 ilikuwa katika daraja la tano, mbali kabisa na timu tunazozivalia jezi hapa.

Mwaka 2007 mwandishi wa habari aliyeitwa Will Brooks alianzisha mpango ulioitwa MyFootballClub. Wazo lilikuwa rahisi. Kila anayetaka alipe pauni 35 kwa mwaka, fedha zikusanywe kupitia intaneti, inunuliwe klabu halisi, na kila mwanachama awe na kura moja. Watu zaidi ya 25,000 walilipa, wakiwemo wengi ambao hawakuwa hata wakazi wa Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 2008 walinunua asilimia 75 ya Ebbsfleet kwa takribani pauni 600,000.

Ndugu zangu, tunaofanya kazi ya maendeleo tungeuita huo ushirikishwaji wa hali ya juu. Mtu mmoja, kura moja. Hakuna tajiri wa kuwaburuza wengine. Tena matunda yalionekana upesi. Tarehe 10 Mei 2008 Ebbsfleet walicheza fainali ya kombe la FA Trophy, linaloshindaniwa na timu za madaraja ya chini, katika uwanja mkubwa wa Wembley. Waliifunga Torquay United bao 1-0 na kulichukua kombe hilo kwa mara ya kwanza. Wanachama walipiga kura juu ya mambo mazito. Walipoulizwa kama wao ndio wapange kikosi, walio wengi waliamua kumwachia kocha Liam Daish kazi yake. Mwaka huo huo walipiga kura kuridhia kumuuza mshambuliaji kijana, John Akinde, kwa klabu ya Bristol City kwa pauni 140,000.

Kisha ukafika wakati wa kulipa ada ya mwaka wa pili. Wengi hawakulipa. Kufikia mwaka 2009 wanachama walikuwa wameshuka chini ya 10,000, na kila mwaka uliofuata walizidi kupungua. Bajeti iliyojengwa juu ya maelfu ya watu ikabaki mikononi mwa wachache. Mwaka 2010 timu ilishuka daraja, ikapanda mwaka 2011, ikashuka tena mwaka 2013. Mwaka huo huo wanachama waliosalia, ambao hawakufika hata 2,000, walipiga kura ya kuziachia hisa zao, sehemu kubwa ziende kwa chama cha mashabiki wa pale pale mjini. Muda mfupi baadaye klabu ikachukuliwa na wawekezaji kutoka Kuwait.

Hatuwasimulii haya ili tuwacheke. Wale watu hawakuwa waongo. Walipolipa pauni zao 35 walimaanisha, na kombe walilolipata ni la kweli. Lakini mapenzi yao yalikuwa ya mwaka mmoja. Yule aliyekuwa akienda uwanjani kwao, Stonebridge Road, kabla ya intaneti kuja, kwenye mvua na baridi, aliendelea kwenda baada ya maelfu kuondoka. Huyo ndiye aliyebaki na klabu.

Na sisi ugonjwa huu tunaujua. Ni mara ngapi tumezindua kisima kwa ngoma na vigelegele, jina la kila mwanakijiji likiwa kwenye daftari, na mwaka wa pili kamati ya maji haina hata mtu wa kubadilisha mpira wa bomba? Kuingia ni rahisi. Kazi ni kubaki.

SAUTI IKIPATA MIGUU

Tusije tukaonekana tunasema mtandao hauna nguvu. Tazameni yaliyotokea mwezi Aprili 2021. Tarehe 18 klabu 12 tajiri za Ulaya, sita kati yake za Uingereza, zilitangaza kuanzisha ligi yao wenyewe, European Super League, ambayo wengi wao wangekuwa na uhakika wa kubaki humo kila mwaka bila kujali wameshinda au wameshindwa. Kwenye simu za mashabiki hasira zikawaka usiku ule ule.

Lakini hawakuishia kuandika. Ingawa viwanja vilikuwa vimefungwa kwa watazamaji kwa sababu ya ugonjwa wa korona, jioni ya tarehe 20 Aprili mamia ya mashabiki wa Chelsea walisimama barabarani nje ya uwanja wa Stamford Bridge wakiwa na mabango. Wachezaji, makocha na hata serikali ya Uingereza walikuwa wameshaupinga mpango huo. Kabla ya siku hiyo kwisha, klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimeanza kujitoa.

Mtandao ulifanya kazi ya mbiu: uliwaita watu. Walioitika wakatoka nje, wakasimama pamoja, wakaonekana. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu peke yake haizimi moto. Huzimwa na wale wanaokuja na ndoo.

UTANI NA MATUSI

Miezi mitatu baadaye tuliona upande mwingine. Tarehe 11 Julai 2021 Uingereza ilipoteza fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya kwa Italia kwa mikwaju ya penalti. Waliokosa penalti kwa upande wa Uingereza walikuwa vijana watatu weusi: Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka. Saka alikuwa na umri wa miaka 19. Usiku huo simu zao zilijazwa matusi ya ubaguzi wa rangi.

Kule Withington, katika jiji la Manchester, kulikuwa na mchoro mkubwa wa Rashford ukutani. Usiku ule ule ulichafuliwa. Kulipokucha majirani walikuja. Waliyafunika yale maandishi kwa karatasi zenye maneno ya faraja, mioyo na bendera, nyingi zikiwa zimeandikwa na watoto, mpaka ukuta ukajaa. Mtu aliyebandika karatasi pale alitembea kwa miguu, akaonekana na jirani zake, na akasimama kando ya wengine.

Hapa kwetu tuna jambo la kujivunia. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na neno hilo tusilichezee. Mtani ana ruhusa ya kukucheka mpaka ukakosa pa kuweka uso. Lakini mtani huyo huyo ukifiwa atakuja msibani, atabeba maji, atachimba kaburi. Utani una mipaka kwa sababu kesho mtaonana. Tatizo la matusi ya mtandaoni ni kwamba anayetukana hatarajii kukuona. Tumesoma baadhi ya maneno ambayo vijana wetu huandikiana kwenye makundi ya WhatsApp baada ya mechi ya watani, na tuseme ukweli, mengine yalitutia aibu. Hayo si utani tena.

KIJANA TULIYEDHANI ANATAZAMA MPIRA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuuma zaidi, na hapa tunakiri kosa letu.

Katika moja ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa palikuwa na mweka hazina kijana, mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri. Kila Jumamosi tulimwona kwenye kibanda, simu mkononi. Tulimsalimia na kumtania juu ya timu yake. Tukadhani anatazama mpira kama wengine.

Siku ya mgao wa mwisho wa mwaka sanduku lilifunguliwa, na zilipungua shilingi 340,000. Hakukataa. Alisema alizicheza. Alianza kwa dau la shilingi 500, akashinda mara mbili, akaona njia. Baadaye akawa anaandaa mkeka wa mechi saba au nane kwa siku, kutoka ligi za nchi ambazo hata kwenye ramani hawezi kuzionyesha. Wakati sisi tunashangilia bao lililokuwa mbele ya macho yetu, yeye alikuwa anasubiri kona ya timu asiyoijua. Mkeka ukichanika aliweka dau kubwa zaidi ili arudishe kilichopotea. Alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Nilikuwa nimeacha kuupenda mpira zamani. Ninyi hamkujua.”

Ni kweli, hatukujua. Tulikaa naye benchi moja kwa msimu mzima. Zamani mtu akicheza kamari ilimbidi aende mahali, na wazazi walipajua. Leo mahali hapo pamo mfukoni, panafanana kabisa na mpira, na pana rangi za timu. Sheria ya nchi inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini sheria haiwezi kuchungulia kila simu ya baba iliyoko mikononi mwa mtoto.

Kikundi kilikaa siku mbili kujadili. Wapo waliotaka apelekwe polisi, na hatuwezi kuwalaumu, maana mama mmoja alikuwa ameitegemea fedha ile kwa ada ya mwanawe. Mwishowe walikubaliana alipe kidogo kidogo. Alifyatua matofali kwa miezi minane mpaka akamaliza deni. Ada ya yule mtoto wanakikundi walichangishana. Kijana bado ni mwanakikundi, ingawa ufunguo wa sanduku hashiki tena, na sharti hilo alilitaka mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Hatuna dawa ya haraka. Tunawapa mambo manne tuliyoyajaribu.

Kwanza, kila jina lililoko kwenye simu liwe na mtu wa kushikana naye mkono. Tulipotaka kukarabati uwanja wa timu ya kata, tulifungua kundi la WhatsApp. Ndani ya wiki moja wakaingia watu 214. Ahadi zilimiminika: nyavu, mipira, jezi. Siku ya kufyeka uwanja tulikuja watu 11, na wawili kati yetu tulikuwa wafanyakazi wa shirika. Tulivunjika moyo. Ndipo tukabadili utaratibu. Kila aliyeko mbali alipewa mwenzake aliyeko hapa. Wa mbali anatuma anachoweza, wa hapa anafanya kazi na kumtumia picha ya kazi iliyofanyika. Wengi walijitoa kwenye kundi, lakini waliobaki walibaki kweli. Leo siku ya kazi tunapata watu kati ya 30 na 40, na magoli yana nyavu.

Pili, tutazame pamoja. Katika kituo chetu cha vijana tumefunga skrini moja. Mabenchi mawili ya mbele ni ya akina mama na mabinti. Sharti ni moja: ndani ya ukumbi hakuna mkeka. Mwanzoni waliokuja walikuwa wachache, baadaye wakaongezeka, na wengine walituambia kwamba walikuja kwa sababu ya sharti hilo.

Tatu, tuandike hesabu. Tunawaomba vijana waandike kwa mwezi mmoja kila shilingi iliyokwenda kwenye bando na kwenye dau. Hatuwahubirii. Tunawaachia waijumlishe wenyewe, kisha tunauliza: fedha hii ingenunua nini? Mara nyingi ukumbi hunyamaza.

Nne, tuwafundishe watoto wetu sheria ya mlangoni. Neno usiloweza kumwambia mtu ukiwa umesimama mlangoni kwake, usimwandikie kwenye simu. Na sisi wazazi tuanze, maana watoto wanasoma tunayoyaandika.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, intaneti haitaondoka, wala hatuombi iondoke. Imemletea shabiki wa kijijini dunia nzima ya mpira. Lakini wale waliobandika karatasi ukutani Withington, wale waliosimama barabarani Stamford Bridge, na wale waliobaki Stonebridge Road baada ya maelfu kuondoka, wote walifanya jambo ambalo simu haiwezi kumfanyia mtu: walikwenda.

Tunawaachia maswali matatu ya kujadili kwenye vikundi vyenu. Je, katika kundi lako la mashabiki la kwenye simu, ni wangapi ungewatambua ukikutana nao sokoni? Je, kijana anayekaa karibu nawe siku ya mechi anatazama nini hasa? Na timu ya kata yako ikihitaji watu wa kufyeka uwanja Jumamosi ijayo, wewe utatuma alama ya dole gumba, au utakuja na panga?

Kwa wanaoishi karibu nasi, Jumamosi ijayo tunafyeka upande wa kaskazini wa uwanja, kuanzia saa moja asubuhi. Uji utakuwepo.